Kipozeo cha i7-8700K iliyoovaklokiwa: kwa joto la Dar, mimi nimerudi kwenye mnara wa feni

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una prosesa ya Intel i7-8700K ya mtumba, unataka kuiovakloki, yaani kuikimbiza kupita kasi ya kiwandani, itembee GHz 5.0 kwenye kora zote sita ili video za harusi zitoke haraka, unakaa Mbagala kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na umekwama kati ya kipozeo cha maji chenye rejeta ya milimita 240 na mnara mkubwa wa feni, yaani mapezi ya chuma yanayopulizwa na feni, bila maji ya kuzungushwa. Prosesa hiyo ninayo tangu 2019, niko Tabata, kazi yangu ni hiyo hiyo ya harusi na sendofu, na vipozeo vya aina zote mbili vimepita mikononi mwangu. Chukua mnara wenye feni mbili, halafu shabaha yako ishushe hadi GHz 4.8. Hilo la pili ndilo litakalokuokoa zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Zile wati 95 zilizoandikwa kwenye boksi la 8700K ni za kasi yake ya msingi, GHz 3.7. Ukishaiovakloki, zisahau. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, ila kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Piga hesabu na mimi. Kora zote zikiwa kazini, kiwandani imepangiwa GHz 4.3, tuseme hapo inakula volti 1.20. Ukiipeleka 5.0 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka asilimia 16 lakini umeme umeongezeka karibu asilimia 47, na umeme wote huo unageuka joto ambalo lazima kipozeo kilitoe. Sasa rudi 4.8 kwa volti 1.25. Umepoteza asilimia 4 ya kasi, umepunguza kama asilimia 18 ya joto. Video iliyokuwa inatoka kwa dakika 50 itatoka kwa 52. Kwa dakika hizo mbili sioni sababu ya kuitesa mashine inayonilisha.

Na volti iweke mwenyewe kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kompyuta ikiwaka), usiiachie mazabodi, ile bodi kuu, ijichagulie. Yangu ikiachiwa ilikuwa inasukuma zaidi ya 1.40 kwa kasi ambayo prosesa iliridhika nayo kwa 1.25. Watu wengi wanakimbilia dukani kununua kipozeo kikubwa zaidi wakati tatizo wanalo kwenye mpangilio mmoja tu.

Suala la chumba. Hakuna kipozeo kati ya hivi viwili kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa iliyokizunguka. Kazi yake ni kuifanya isizidi hewa hiyo kwa nyuzi nyingi. Majaribio mengi tunayoyaangalia mtandaoni yamefanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Chumba chako mwezi wa pili, saa nane mchana, kiko 33. Zile nyuzi 11 hadi 13 za tofauti zijumlishe juu ya kila namba unayoonyeshwa, ndipo uamue.

Mimi hili lilinigharimu. Nilipanga 5.0 mwezi wa saba, saa nne usiku, kusi inavuma dirishani, joto likasimama kwenye 82. Nikalala nikijua nimemaliza. Februari iliyofuata, Jumamosi mchana, nina harusi mbili za kukabidhi, mipangilio ile ile ikafika 97, ikagusa 100, prosesa ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe, na kabla ya saa tisa skrini ikawa ya bluu. Video ya kwanza ilikuwa imefika asilimia 80. Tangu siku hiyo sipimi usiku. Napima mchana, dirisha likiwa kama linavyokuwa siku zote, na napima kwa kazi yenyewe: narenda, yaani naitoa video iliyokamilika, saa nzima huku HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, ikiwa wazi pembeni. Cinebench, programu ya kupima prosesa, ya dakika kumi inatosha kwa kuanzia tu. Prime95, programu ya kuitesa prosesa, kwenye jaribio lake la Small FFTs lenye AVX (amri nzito za hesabu) inaipasha prosesa kuliko kazi yoyote utakayoifanya kwenye harusi. Itumie ukitaka kujua kama umefunga kipozeo sawasawa, ila usiifanye ndiyo kipimo cha ununuzi.

Kipozeo changu cha maji kilikuwa cha rejeta ya 240, jina lake silitaji. Mwaka wa kwanza sikuwa na malalamiko. Kitu kimoja tu nilikigundua mapema: dakika kumi za mwanzo namba zinapendeza sana, halafu zinapanda taratibu kwa nusu saa. Maji yanabeba joto jingi kabla hayajapata moto, kwa hiyo mtu wa gemu za muda mfupi anafaidi. Wewe unayerenda saa tatu mfululizo, faida hiyo inaisha kabla bibi harusi hajaingia ukumbini.

Mwaka wa tatu, usiku mmoja, nimebonyeza tu kurenda, feni zikapiga kelele na joto likafika 100 ndani ya dakika moja. Nikafungua mlango wa kasha nikashika mirija ya mpira. Mmoja ulikuwa wa moto hadi nikaondoa mkono, wa pili wa kawaida. Rejeta yenyewe ilikuwa baridi kama kompyuta haijawashwa. Hapo ndipo nilipojua maji hayazunguki. Kumbuka dalili hiyo: prosesa inaungua, rejeta baridi. Kitu chenyewe kimefungwa kiwandani, fundi wangu alikigeuza huku na huku akanirudishia, hana pa kukifungulia. Siku nne sikufanya kazi, nikisubiri kingine.

Mnara hauna pampu. Ile mirija ya shaba unayoiona ina maji kidogo sana ndani; yanachemka upande wa prosesa, mvuke unapanda kwenye mapezi ya alumini, unapoa na kurudi maji, hakuna kinachozungushwa na mota. Kinachoweza kufa ni feni, na feni ya milimita 120 unaipata Kariakoo siku hiyo hiyo, hata ukiifunga kwa zipu za plastiki kazi inaendelea. Sasa hivi natumia Thermalright Peerless Assassin 120 SE: minara miwili, mirija sita, feni mbili. Kwa GHz 4.8 na volti 1.25, Februari hii mchana, nikirenda inakaa 81 hadi 84, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya kile cha maji. Ukiwa na pesa zaidi ipo Noctua NH-D15, kubwa na tulivu kweli, lakini kwa prosesa yako sitakushauri uruke hadi huko. Sababu iko ndani ya 8700K yenyewe: kati ya kipande cha silikoni na kile kifuniko cha chuma Intel waliweka pesti ya kupitisha joto, hawakulehemu kama walivyokuja kufanya kwenye prosesa yao ya 9900K mwaka 2018. Joto linakwama pale chini, na kipozeo kiwe kikubwa namna gani hakiwezi kulifikia. Wapo wanaokifungua kifuniko na kuweka chuma cha majimaji. Hicho kina galiamu, kikidondokea alumini kinaila. Kwa mashine ya kazi mimi siigusi njia hiyo.

Maji nayaheshimu kwa mtu mwenye prosesa kubwa kama 13900K, ambayo Intel wenyewe wameiruhusu hadi wati 253. Huyo atafute rejeta ya 360. Au mwenye kasha jembamba lisiloweza kumeza mnara. Na ukiamua kuyanunua hata hivyo, hakikisha pampu si sehemu ya juu kabisa ya mfumo, maana hewa hupanda juu, na ikijikusanya kwenye pampu utasikia mlio wa kukwaruza, na haitadumu.

Kabla hujatoa pesa, chukua rula. Pima kutoka uso wa juu wa prosesa hadi mlango wa kasha. Huu ninaoutumia una urefu wa milimita 155, NH-D15 ni 165, na makasha mengi ya bei nafuu hayafiki huko. Angalia na RAM: zile zenye mapambo marefu zinagongana na feni ya mbele, inabidi uipandishe, na ukiipandisha urefu unaongezeka. Ukinunua kipozeo cha mtumba, usiondoke dukani bila kuona bamba la nyuma na skrubu zake. Soketi yako, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi, ni LGA1151, matundu yake ya kufungia kipozeo ni sawa na ya 1150, 1155, 1156 na 1200. Kifungio kilichotengenezwa kwa ajili ya 1700 tu hakitaingia, matundu yake yametanuliwa.

Pesti weka tone la ukubwa wa punje mbili hivi za choroko katikati, kaza skrubu kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Mara ya kwanza mimi nilikaza upande mmoja hadi mwisho. Nilipokiinua kukagua, pesti ilikuwa imetandazika nusu tu, nusu ya pili bado iko nene kama siagi. Kufunga upya vizuri kulinishushia nyuzi 9 bila kununua chochote.

Vumbi la kwetu nalo usilichukulie poa. Baada ya miezi saba nilitoa feni ya mbele nikakuta kati ya mapezi pameota tabaka la kijivu, unalibandua kwa kucha kama kitambaa. Sasa nasafisha kila baada ya miezi miwili kwa brashi ya rangi na blowa, huku nimeishika feni kwa kidole isizunguke. Kwenye kasha weka feni mbili mbele zinazoingiza na moja nyuma inayotoa. Mnara ukipewa hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya michoro utaonekana mbovu bure.

Na siku ukihama, vua mnara kabla kompyuta haijapanda bajaji. Karibu kilo nzima inaning'inia kwenye mazabodi iliyosimama wima, na matuta ya barabara zetu unayajua.

Pima kasha lako leo jioni ulete namba hapa, na useme RAM yako ni ya aina gani. Pesti ya Arctic MX-4 ninayo, imebaki nusu bomba. Ukipita Tabata nitakupa.