Shahada ya Kriminolojia na Saikolojia Bila Cheti cha Sekondari

SWALI: Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Sikumaliza sekondari. Je, chuo kikuu kitanipokea nisomee kriminolojia (elimu ya uhalifu) na saikolojia?

JIBU: Ndiyo, dada yetu. Open University, iliyoanzishwa mwaka 1969, haidai cheti kwa shahada zake nyingi za kwanza, nawe utasomea nyumbani huku ukiendelea na kazi. Ukipendelea chuo cha kuhudhuria, anza na stashahada ya Access to Higher Education, inayowaandaa wasio na vyeti kuingia chuo kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Vyuo vingi huikubali, ingawa baadhi hutaka pia GCSE, yaani vyeti vya mitihani ya sekondari ya Uingereza, za Kiingereza na Hisabati. Katika barua ya maombi usiifiche kazi yako: eleza namna unavyomtuliza mzee aliyepoteza kumbukumbu anapokataa kuogeshwa, kwa kuwa hiyo ni saikolojia unayoitenda kila siku. Ninalokusihi zaidi ni kwamba, kabla ya kujiandikisha, uulize kama shahada hiyo imeidhinishwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia wa Uingereza, maana isipoidhinishwa, na ukataka baadaye kuwa mwanasaikolojia magerezani, utalazimika kwanza kusoma kozi nyingine ya kufidia pengo hilo.