Kabla Hamjaichezesha Hiyo Roboti

Wanangu wa mwaka wa kwanza, juzi nimepita maabara nikakuta spika imefunguliwa chakacha, roboti yenu inarusha mikono juu chini, juu chini, nanyi mnaichukua video. Nikauliza, "Hapo yasema nini?" Mkanijibu, "Inadansi." Haya. Tusikizane kuhusu mwendo wa roboti na unavyosomwa na watazamaji.

1. Sevo, zile mota ndogo zinazogeuza viungo hadi pembe mnayoitaja, zisile stima ya bodi ya saketi inayoziamuru. Zipeni betri yake, waya hasi za betri na za bodi ziungane. Nimesema mpaka nimechoka.

2. Msitume pembe moja mkangoja. Ukiiamuru sevo itoke nyuzi 0 ifike 180 kwa mkupuo, itakimbia kwa nguvu zake zote na kusimama ghafla. Ikatieni njia vipande vipande: ianze taratibu, ikaze mwendo katikati, ipunguze ikikaribia.

Hili nililipata kwa aibu. Tulialikwa kuonyesha kazi mbele ya watoto wa shule na wazazi wao. Roboti yangu ilikuwa na uso wa skrini, na tabasamu lile nililihangaikia kweli kweli. Mkono wa kupunga niliuandikia programu usiku wa kuamkia siku yenyewe, harakaharaka. Pale mezani niliuona uko sawa, kwa kuwa mimi tayari nilijua unapunga. Akaja msichana mdogo akasimama karibu. Mkono ukapanda mzimamzima, ukasita juu, ukashuka kwa kishindo. Hebu fanyeni wenyewe na mikono yenu muone: hilo ni kofi. Mtoto akaangua kilio, akajificha ndani ya buibui la bibi yake. Nami badala ya kuizima nikaanza kutetea: tazama, bibi, inatabasamu! Akanitazama. "Mwanangu, uso wacheka, mkono wataka kupiga. Niamini upi?"

Kwa kuchanganyikiwa nikaiwasha upya. Sevo, kama mjuavyo, ikiamka huruka hadi pembe ya kwanza inayopewa. Kofi la pili. Safari hii hata walimu walirudi nyuma. (Dawa yake: andikeni pembe ya mapumziko kabla ya kuishikanisha sevo kwenye programu, na msizime kabla mkono haujarudi hapo.)

Kilichoniuma ni kwamba darasani nilikuwa nimeshasoma habari za wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel. Mwaka 1944 walionyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara zikizungukazunguka. Karibu wote walisimulia ugomvi: huyu mkorofi, yule anamkimbia. Pembetatu haina jicho wala mdomo, mwendo tu. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, kisha nikaenda kutisha watoto.

3. Kitendo kitanguliwe na ishara. Kichwa kigeukie kikombe kwanza, ndipo mkono uende. Mtafiti wa roboti Leila Takayama na wenzake walilipima mwaka 2011: roboti ikionyesha kuwaza kabla ya kutenda, watazamaji huwa na hakika zaidi na wanachokiona. Anca Dragan, mtafiti mwingine wa roboti, naye hutenganisha njia inayotabirika, yaani ile mtu anayoitarajia akishajua unaenda wapi, na njia inayosomeka, yaani ile inayomwonyesha mapema unaenda wapi. Vikombe viwili vikikaa karibu, njia fupi kabisa haimwambii mtu unafuata kipi mpaka mwisho. Pindisheni mkono mapema upande wa kile mnachokitaka, hata kama njia itarefuka. Najua mwalimu wenu wa udhibiti wa mitambo atanuna. Mwacheni anune.

4. Punguzeni viungo. Keepon, ile roboti ndogo ya manjano ya mtafiti Hideki Kozima, haina mkono hata mmoja. Huinama, hugeuka, huyumba pembeni na kujibonyeza chini, basi. Na Marek Michalowski wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliichezesha kwa mdundo na watoto wakacheza nayo. Nyinyi mmeweka chakacha, ngoma ya kiuno, mkanunua sevo nane za mikono! Kiuno cha roboti yenu kimefungwa kwa skrubu.

5. Kutulia nako ni usemi. Ikisimama ghafla katikati ya mwendo, mtu ataona imeshtuka au imeharibika. Mkitaka ionekane inasikiliza, iinamishe kichwa polepole kisha ibaki hapo.

6. Kabla ya maonyesho zimeni muziki, mwiteni mama anayetuuzia mahamri, mumuulize roboti inataka nini. Msimdokeze. Msimsahihishe. Andikeni alivyosema, mrudi kwenye programu.

7. Aliyechukua sevo za gia za chuma kwenye droo yangu azirudishe kabla ya Ijumaa. Zile za plastiki mlizoniachia zimeshang'oka meno.