Kwako unayeanza kufundisha mbwa wa watu

Kwanza tia omena (dagaa) mfukoni. Sifanyi mzaha. Hapa Kisumu omena kavu ni rahisi kupatikana kuliko biskuti za mbwa, inanuka vya kutosha, na mbwa huimeza mara moja kisha anarudi kukutazama usoni. Macho yake yakiwa kwako, kazi imeanza. Maini ya kuchemsha yaweke kwa shughuli nzito, kama kumwita mbwa anayefukuza kuku. (Suruali ya omena ifuliwe peke yake. Nyumbani kwangu hilo ni sheria.)

Nilipoanza, nilidhani mbwa hutii kwa sababu anakuogopa. Kulikuwa na boma moja Mamboleo, mbwa wao Bosco alikuwa akichomoka kila lango likifunguliwa. Siku moja alizurura karibu nusu saa. Nikaita "njoo", akaja mwenyewe, mkia chini, nami nikamchapa kwa kamba. Kesho yake akachomoka tena. Nilipoita, alisimama hatua kumi kutoka nilipo, akaketi, akanitazama. Hakusogea.

Alikuwa amelishika somo vizuri sana: ukimwendea huyu jamaa, unachapwa. Kule kutoroka kulikuwa kumepita zamani. Mbwa huunganisha alichofanya na kile kinachofuata papo hapo, sekunde moja au mbili, si kosa la nusu saa iliyopita. Neno "njoo" nilikuwa nimeliua mwenyewe. Ilibidi nianze na neno jipya, "hapa", nikiwa hatua mbili tu kutoka kwake, na omena kila anapofika. Baadaye hatua tano. Baadaye lango wazi, lakini kamba ndefu ingali shingoni.

Jambo hili si geni. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliandika kuhusu paka aliowafungia kwenye visanduku: kitendo kilichowatoa nje na kuwafikisha kwenye chakula ndicho walichokirudia, kila mara upesi zaidi. Lakini utakutana na watu watakaokwambia lazima mbwa ajue nani bosi, ule kabla yake, utangulie mlangoni. Fikra hizo zilipata nguvu kutokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja, aliowachunguza mtafiti Rudolf Schenkel na kuandika habari zao mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu ambaye kitabu chake kilizieneza, alikuja kueleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si wageni wanaogombea ubosi. Bosco hakuutaka ubosi wangu. Alitaka barabara, na lango lilikuwa wazi.

Kisha kaa na watu wa nyumba, wote. Nimeona boma ambako baba anasema "sit", mpishi anasema "keti", nyanya anasema "bed piny" kwa Kijaluo, halafu mbwa analaumiwa kuwa mjinga. Chagueni neno moja, liandikwe karatasini, libandikwe jikoni. Askari wa usiku naye alijue.

Wengi watataka mbwa wa kuendana na kile kibao cha "Mbwa Kali", kwa hiyo wanamfungia kibandani tangu angali mdogo. Wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndipo mbwa huzoea watu, pikipiki, watoto wenye sare. Akizikosa, anakua mwoga, na mwoga huuma mtoto wa jirani. Mwenye mbwa anahitaji kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Kabla ya kumgusa mbwa yeyote, omba kadi ya chanjo ya kichaa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mchubuko.

Juzi mama mmoja wa Milimani alinipigia, sauti imepanda: "Mwalimu, huyu mbwa wako anakutii wewe tu, mimi ananipuuza!" Nikamuuliza, "Mama, mfukoni una nini?"

Akanyamaza kidogo. "Simu," akasema.