Mashine ya kuokea mkate: ninunue au niache?

SWALI: Nyumbani tunakula boflo mbili kwa siku. Sina ovena, napikia gesi. Wifi yangu yuko Marekani, anataka nimtumie pesa aninunulie mashine ya kuokea mkate huko. Yafaa? Na mahamri itakanda? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Nunua, dada, lakini si ya Marekani. Ya huko ni ya volti 120 na stima yetu ni 240. Ukiichomeka tu, imeungua. Transfoma ya kushusha umeme ni mzigo na gharama nyingine. Tafuta ya volti 220–240, hapa mjini au Dubai. Kwa boflo mbili utaiwasha mara mbili, takriban saa tatu kila mara.

Kinachowashinda wengi Mombasa ni joto. Vijitabu vya mashine husema maji ya vuguvugu, lakini jikoni kukiwa na nyuzi 30 unga huumuka kabla ya wakati, kisha mkate unadidimia katikati. Tumia maji ya friji. Anza na maji mililita 310, mafuta kijiko kikubwa 1, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kijiko kidogo 1 na nusu. Juu yake unga wa ngano gramu 500. Hamira ya chenga, robo tatu ya kijiko kidogo, itie mwisho katika kishimo juu ya unga, isiguse maji. Chumvi usiipunguze, ndiyo inayoizuia hamira isiende mbio.

Ikishakanda dakika 10, fungua kifuniko utazame. Donge liwe laini na liachane na kuta za sufuria. Likiwa gumu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likinata chini, ongeza unga vivyo hivyo.

Mkate ukiiva utoe papo hapo, la sivyo mvuke utalainisha ganda. Kile kijibawa cha kukandia kikinasa ndani, kitoe kwa kijiti cha mbao, kisu kitakikwaruza.

Mahamri itakanda vizuri: chagua programu ya kukanda pekee, utie tui lililopoa. Usiitegeshe usiku kucha, tui litachacha. Mofa na mkate wa sinia si kazi yake.

Stima ikipotea, mashine nyingi hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu. Ikikawia kurudi, hamishia donge kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, uoke kwa makaa juu na chini.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama sufuria na kijibawa vinauzwa peke yake. Raba iliyo chini ya sufuria huchakaa, maji yakaanza kuvujia kwenye mota.