Mafunzo kwa video: Nairobi, London na Manila

SWALI: Shirika letu lina ofisi Nairobi, London na Manila. Kila robo mwaka nafundisha mfumo wetu wa malipo kwa video, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, saa za Nairobi. Wenzetu wa Manila hawasemi neno, na wiki mbili baadaye ofisi zote huuliza yaleyale niliyokwisha kuyaeleza. Nirekebishe nini?
Mratibu wa mafunzo, Nairobi

JIBU: Anza na saa. Saa tisa yako ni saa mbili usiku Manila. Watu hao wamechoka. Jaribu saa tano asubuhi hadi saa sita mchana (11:00 hadi 12:00) Nairobi: Manila ni 16:00, na London ni 08:00 majira ya baridi, 09:00 majira ya joto. London hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, ninyi wengine hambadilishi, kwa hiyo mwaliko ufungwe kwa saa za Nairobi.

Saa hiyo ni adimu, usiimalize kwa kuhutubu. Maelezo yatangulie siku 3: vipande vya video vya dakika 6 hadi 8, kila kimoja kazi moja tu, mathalani kuingiza ankara au kuidhinisha. Mwenye intaneti hafifu mpe sauti peke yake. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 8 hazifiki megabaiti 4.

Mkikutana, changanya ofisi katika vikundi vya watu watatu. Mmoja aonyeshe skrini yake akifanya kazi kwenye mfumo wa majaribio, wawili wamfuatilie kwa orodha ya hatua, wapokezane kila dakika 15. Wape ankara zenye kasoro: iliyokwisha kulipwa, yenye namba ya akaunti iliyopungua tarakimu, ya peso iliyoingizwa kama pauni. Mfumo ukimkatalia mtu ndipo anapoelewa kwa nini hatua fulani ipo. Dakika 15 zinazobaki ni za kujadili makosa hayo. Mameneja wasiwepo kabisa. Mbele ya bosi wengi huficha wasichokijua.

Kisha tuma maswali 4 siku ya 2, ya 7 na ya 21, yajibiwe bila kufungua maelezo. Kujikumbusha mwenyewe hushikisha somo kuliko kulisoma tena. Swali likikosewa na ofisi zote, somo ndilo lenye kasoro: rekodi kipande hicho upya. Likikosewa na ofisi moja tu, huenda benki au fomu zao ni tofauti; waulize wanavyofanya kazi kabla hujawafundisha tena.