Picha ya msikiti kwenye habari ya bastola

SWALI: Ndugu mhariri, gazeti moja limeandika ukurasa wa mbele "Magaidi wa Kiislamu wanaswa", likaweka picha ya watu wakiswali Ijumaa. Ndani, habari inahusu vijana wanne waliokamatwa na bastola. Dini yao haitajwi popote. Tufanye nini zaidi ya kulalamika vibarazani? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu msomaji, kosa umeliona palepale lilipo: kichwa cha habari na picha. Mara nyingi mwandishi aliyekwenda kwenye tukio siye aliyekiandika kichwa. Huandikwa usiku chumba cha habari, ukurasa ukikaribia kwenda mtamboni, na picha huchomolewa maktaba. Kwa hiyo kumtukana mwandishi ni kupiga pasipo. Madhara nayo ni makubwa, maana watu wengi Dar husoma wakiwa wamesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, au husikia vichwa vikisomwa redioni asubuhi. Hao kurasa za ndani hawazifikii.

Mwandikie mhariri wa gazeti hilo siku hiyohiyo; maneno 150 yanatosha. Taja tarehe na ukurasa, nukuu kichwa neno kwa neno, kisha aya ya ndani inayokikana. Usimwage humo machungu ya miaka yote dhidi ya vyombo vya habari. Barua ya namna hiyo huwekwa kando. Dai kinachopimika: masahihisho ukurasa wa mbele, si kwenye kona ya ukurasa wa nane. Hifadhi gazeti lenyewe na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Wakikaa kimya, nenda Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari kilichoanzishwa 1995. Husuluhisha, ikishindikana, shauri husikilizwa na Kamati ya Maadili. Halimfungi mtu, lakini gazeti linaweza kutakiwa kuomba radhi.

SWALI: Neno "jihadi" lina ubaya gani magazetini? Si la Waislamu wenyewe? (Msomaji, Mgomeni)

JIBU: Ni lao, na mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa "juhudi". Gazeti likiita mauaji ya raia "jihadi", limewakubalia wauaji dai lao. Liandike kilichofanyika: wamelipua, wameteka, wamechinja. "Madrasa" nalo vivyo hivyo. Pale Buguruni, madrasa ni watoto wenye juzuu mkononi wakati wa alasiri. Mwandishi akiandika "kambi ya madrasa" bila kueleza nani walikuwemo na walifundishwa nini, kesho mtaa mzima unamtazama ustadhi wao kama mshukiwa.