Machalari moto pembeni, katikati baridi

Umepasha machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama, yakawa moto pembeni na baridi katikati? Hapana, maikrowevu yako haijaharibika. Mawimbi yake hupenya sentimita 2 au 3 tu. Katikati panasubiri joto lisambae lenyewe, na machalari yakilala yanakuwa mazito, joto halipiti upesi. Kwa hiyo usiyarundike kama Mlima Meru. Yatandaze kwenye sahani pana, acha tundu katikati, nyunyiza vijiko 2 vya maji, funika bila kubana ili mvuke upate pa kutokea. Nguvu ya kati, dakika 2, geuza ya chini yaje juu, halafu dakika 2 tena. Mashine ikilia usikimbilie kula: yaache dakika 2, joto linaendelea kuingia ndani. Nyama lazima itoke mvuke mpaka ndani.

Muda huo ni wa sahani ya mtu mmoja kwenye mashine ya wati 800 hivi. Yenye wati chache ongeza dakika.

Ila zile sahani za bati zenye maua, za pale soko la Kilombero, Arusha, zisiingie kabisa. Ndani ya ile rangi ni chuma: chakula hakipati moto vizuri, na ukingo ukibanduka unaweza kutoa cheche. Tumia kioo au udongo usio na mstari wa dhahabu.